Habari za nyumbani ni nzuri, ila...

Ipo lawama moja ambayo masikio yetu yameizoea. Inasemwa kwamba sisi tunapenda mno soga. Mtu anafika dukani kununua kiberiti; badala ya kutaja haja yake na kwenda zake, anaanza na habari za asubuhi, anaingia habari za nyumbani, anamuuliza mwenye duka kama jana aliuona mchezo kwenye televisheni, kisha anataka kusimuliwa ile safari ya Dar es Salaam ilikuwaje. Robo saa inapita na kiberiti bado kiko kwenye rafu. Wapo wakubwa wa kazi, na wapo wageni pia, ambao wakiona hivyo hutikisa kichwa na kusema: kwa mwendo huu hawa hawataendelea.

Wiki hii, ndugu msomaji, ningependa tuichunguze lawama hiyo kwa utulivu. Je, ni kweli kwamba maneno haya ya kila siku, ya televisheni, ya nyumbani na ya safarini, ni maneno matupu? Au yana kazi yake, ila hatuioni, kama vile mlaji asivyoikumbuka chumvi mpaka siku mboga imeletwa mezani bila chumvi?

Mifano yangu mingi nitaichukua Morogoro, mji ambao wenyewe wanauita kwa mzaha "mji kasoro bahari". Nimeuchagua kwa sababu Morogoro ni njia panda. Pale Msamvu zinakutana barabara za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa, na kila siku maelfu ya wasafiri hupita. Nyuma ya mji imesimama milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake vya juu vinapita mita 2,600, na kila alfajiri watu wa mlimani hushuka na ndizi, machungwa, kabichi na viungo. Mahali ambapo watu wa namna nyingi hukutana kiasi hicho, mtu hujifunza haraka maneno madogo yana uzito gani.

Tuanze na salamu. Chukua mama anayeshuka kutoka vijiji vya juu, tenga la ndizi kichwani, akielekea Soko Kuu la Chifu Kingalu, lile soko jipya lililozinduliwa mwaka 2021. Njiani anakutana na kijana ambaye ni mteja wake wa siku zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mama. Sijui nyie huko juu?"

"Huko juu salama. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, ila yule mdogo jana hakulala. Mwili unachemka."

"Mh! Pole. Na sisi salama, ila mvua imeanza tangu usiku, haijakata mpaka naondoka."

Msomaji, hebu yarudie mazungumzo hayo. Habari zilikuwa nzuri, watoto hawakuwa na jambo, na huko juu kulikuwa salama. Baada ya hapo ndipo tukasikia kwamba mtoto ana homa, na kwamba mlimani mvua imenyesha usiku kucha. Mtu asiyeijua lugha yetu angeweza kusema kwamba wawili hawa walianza kwa kudanganyana. La hasha. Katika Kiswahili neno "nzuri" linalojibu salamu si taarifa ya hali ilivyo. Ni namna ya kusema: nimekuona, nimekuheshimu, tunaweza kuendelea. Taarifa yenyewe hukaa nyuma ya kineno kidogo sana, nacho ni "ila".

Na taarifa hizo mbili si ndogo. Homa ya mtoto mdogo katika nchi yenye malaria ni jambo la kuwahiwa, na huenda yule mama akamwambia kijana asingoje mpaka jioni, ampeleke zahanati asubuhi hiyohiyo. Ama mvua ya mlimani, anayekaa mjini ajue kwamba mito inayopita mitaani kwake, Mto Morogoro ukiwa mmojawapo, inatoka huko huko juu. Mjini jua linaweza kuwa linawaka, na bado maji yakashuka kwa nguvu mchana. Habari hiyo imefika mjini kwa miguu, juu ya kichwa kilichobeba ndizi, na imetolewa bure kwa aliyekuwa na subira ya kusalimiana.

Kwa hiyo kanuni ni hii: "ila" haiji kwa mtu asiye na muda. Anayeuliza habari huku anapita, hupewa "nzuri" na kuachwa aende zake. Anayesimama akauliza mara ya pili ndiye anayepewa habari kamili.

Wataalamu wa mambo ya jamii waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1923 mtaalamu mmoja mzaliwa wa Poland, Bronisław Malinowski, aliyekuwa ameishi na kufanya utafiti katika visiwa vya Trobriand huko Pasifiki, aliandika kwamba binadamu wana maneno ambayo kazi yake hasa ni kuwafunga pamoja wanaozungumza, wala si kupasha habari. Ukimwambia mwenzako "leo jua kali", humfundishi kitu. Yeye naye analiona jua. Unachomwambia ni kwamba huna ubaya naye. Malinowski alisema hayo kwa lugha ya kisomi. Wazee wetu waliokaa kwenye mikeka ya barazani waliyaishi bila kuyaandika. Lakini nathubutu kuongeza kitu: kwetu sisi, kufungana huko ndiko kunakofungua njia ya kupashana habari. Ya kwanza ni "nzuri", ya pili ni "ila".

Sasa tuje kwenye televisheni, kwa sababu wengi wanaamini kwamba ndiyo iliyoua mazungumzo. Ukweli una pande mbili.

Zanzibar walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara tulikaa bila kituo chetu kwa miaka ishirini zaidi. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kwamba chombo hicho ni anasa ya wachache wa mjini, wakati redio ilikuwa inamfikia mkulima shambani. Sheria ya kuruhusu vituo vya watu binafsi ilipatikana mwaka 1993, na mwaka uliofuata, 1994, vituo kama ITV, DTV na CTN vikaanza kurusha matangazo kutoka Dar es Salaam. Televisheni ya taifa ikafuata baada ya miaka kadhaa kwa jina la TVT, ambayo leo tunaijua kama TBC.

Waliokuwa watoto miaka hiyo watakumbuka mambo yalivyokuwa. Mtaa mzima ulikuwa na seti moja au mbili. Jioni watoto walijaa sebuleni kwa mwenye televisheni, wamekaa chini kwenye mkeka, waliochelewa wakachungulia dirishani. Picha ikianza chenga, kijana mmoja alitumwa nje kuzungusha nguzo ya antena, na ndani wote wakipiga kelele: "Hapo hapo! Usiguse! Aa, umeipoteza!"

Morogoro chenga zilikuwa na sababu yake, nayo inastahili kuelezwa. Mawimbi ya redio ya masafa mafupi hupaa juu angani, yakagonga tabaka la hewa na kurudi chini mbali sana. Ndiyo maana Radio Tanzania iliweza kusikika hata bondeni. Mawimbi ya televisheni hayana tabia hiyo. Yenyewe husafiri karibu sawa na mwanga wa tochi: yakikutana na mlima, nyuma yake panakuwa giza. Kwa hiyo mlima huohuo unaweza kuwa rafiki wa mmoja na adui wa mwingine. Ukitazama juu kutoka mjini utaona minara ya mawasiliano imesimikwa kwenye kilele cha Bondwa, kwa sababu mnara ulio juu huona mbali. Lakini aliyejenga upande wa pili wa mgongo wa mlima, au ndani ya bonde jembamba, anaweza kuzungusha antena mpaka mkono ukauma asipate kitu. Madishi ya satelaiti ndiyo yaliyokuja kuwaokoa watu wa namna hiyo, maana satelaiti iko juu angani na haizuiwi na mlima kirahisi.

Lakini uhaba ule wa seti ulikuwa na faida ambayo hakuna aliyeipanga. Kwa kuwa watu wengi waliangalia seti moja, asubuhi yake mtaa mzima ulikuwa na jambo moja la kuzungumza. Kwenye bomba la maji, kwenye kijiwe cha kahawa, kwenye foleni ya daladala, swali lilikuwa lile lile: jana umeona? Na mchezo wa kuigiza ukionyeshwa, maneno hayakuishia kwenye mchezo.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha hoja yangu. Katika nyumba zetu yapo mambo ambayo heshima haituruhusu kuyasema ana kwa ana. Mkwe hawezi kumwambia mama mkwe kwamba anaingilia ndoa yake. Binti hawezi kumweleza baba kwamba hataki mchumba aliyetafutiwa. Mke anaona haya kumuuliza mume kuhusu simu za usiku. Lakini mchezo ukiwa kwenye televisheni, na ndani yake yupo mama mkwe mkorofi, basi mkwe anaweza kusema huku anakuna nazi: "Lakini huyu mama naye, si awaache wenyewe wapange maisha yao?" Na mama mkwe, ambaye si mtoto, anaelewa. Anaweza hata kujibu: "Na huyo binti naye, kusalimia tu hawezi?" Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyevunja heshima, na ujumbe umefika pande zote mbili. Mchezo umekuwa "ila" ya nyumba.

Waluguru hawatashangaa kusikia hivyo, maana mila zao zina kitu cha namna hiyo, nacho ni utani. Mtani wa ukoo ana ruhusa ya kusema kwa mzaha, hata msibani, jambo ambalo ndugu wa karibu akilisema utazuka ugomvi. Amezaliwa na leseni hiyo. Mhusika wa kwenye mchezo ni kama mtani wa kukodi: anabeba maneno ambayo wewe huwezi kuyabeba.

Kama unadhani hayo ni mawazo ya mtangazaji anayependa fani yake, yapo yaliyopimwa. Mwezi Julai mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa kuigiza ulioitwa "Twende na Wakati". Wasikilizaji wa zama hizo hawajamsahau Mkwaju, dereva wa lori aliyekuwa na wanawake katika vituo vya njiani, mpaka akaambukizwa virusi vya UKIMWI. Mchezo ulikuwa na shabaha mbili: uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Ulisikika sehemu kubwa ya nchi isipokuwa Dodoma, ambako mtambo wa huko ulirusha vipindi vyake kwa saa hiyo mpaka mwaka 1995. Kwa hiyo watafiti, akiwemo Mmarekani Everett Rogers, wakapata nafasi adimu ya kulinganisha sehemu iliyousikia mchezo na sehemu ambayo haikuusikia. Waligundua kwamba sehemu uliposikika watu walibadilika zaidi: walianza kutumia uzazi wa mpango na kupunguza idadi ya wapenzi. Na walipochunguza badiliko hilo lilipita njia gani, njia moja kubwa ilikuwa mazungumzo. Watu waliusikiliza mchezo, wakazungumza na wake zao, waume zao na rafiki zao juu ya Mkwaju, na katika kumzungumza Mkwaju wakajizungumza wenyewe.

Tafakari hilo, msomaji. Mwaka 1993 kulitaja gonjwa lile mbele ya mwenzi wako ilikuwa kazi nzito. Redio haikuingia chumbani kwa mtu ikamwambia mkewe. Ilichofanya ni kuwapa mume na mke soga ya jioni, na ndani ya soga hiyo wapo waliopata ujasiri wa kuuliza swali lililookoa maisha. Lawama ya kupoteza muda hapa ina uzito gani?

Basi tatizo la leo liko wapi? Liko hapa: nyumba yenye seti moja imekuwa nyumba yenye vioo vitano. Baba anaangalia mpira sebuleni, mama ana tamthilia kwenye simu jikoni, kijana mkubwa yuko chumbani na spika za masikioni, binti yuko kwenye mtandao, na mdogo kabisa amepewa simu ya mgeni ili anyamaze. Kila mmoja anacheka kivyake. Nyumba ina sauti nyingi na mazungumzo machache. Ule mchezo uliokuwa mtani wa nyumba nzima sasa kila mmoja ana wake, na anayeuona peke yake hana wa kumtupia fumbo.

Si kwetu tu. Mapema katika miaka ya 1970, mtafiti wa Canada, Tannis MacBeth Williams, aliusikia mji mdogo mmoja katika jimbo la British Columbia ambao kwa sababu ya kukaa kwake bondeni ulikuwa haujapata televisheni, ingawa miji jirani ilikuwa nayo. Watu wa Uluguru watauelewa mji huo bila kufafanuliwa. Mtafiti na wenzake waliwahi kufika kabla ya televisheni kuingia mwaka 1973, wakarudi tena baada ya miaka miwili. Mwanzoni watu wa mji ule walikuwa wakishiriki shughuli za pamoja, michezo, sherehe na mikutano, kuliko majirani zao. Miaka miwili baada ya televisheni ushiriki ulikuwa umeshuka. Hakuna aliyewakataza watu kutoka nje. Walibaki tu majumbani.

Hata hivyo, ukiweka utafiti huo kando ya ule wa "Twende na Wakati", utaona kwamba chombo chenyewe si mchawi. Kinachopambanua ni kama baada ya kipindi watu wanazungumza au hawazungumzi. Mchezo unaoishia kwenye kioo umekwisha kazi yake. Mchezo unaoingia kwenye soga ya asubuhi ndiyo kwanza umeanza.

Tutoke sasa nyumbani, tupande gari. Ukitaka kuona "ila" ikipigania roho za watu, panda basi.

Mabasi ya masafa marefu yalikuwa shule ya soga. Ukitoka Morogoro kwenda Iringa, gari linapita kiasi cha kilometa 50 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Abiria waliokuwa wamelala huamka. Mmoja anasema "twiga wale kulia", wa pili anauliza "wako wapi?", wa tatu anaanza kisa cha tembo aliyesimama barabarani, na kabla ya kutoka hifadhini watu wasiojuana wanagawana mahindi ya kuchoma. Baadaye televisheni nayo ikapanda basi. Filamu za Bongo zikawekwa juu ya kichwa cha dereva, na kwa kuwa kioo kilikuwa kimoja, basi zima lilicheka na kusikitika pamoja, na abiria wakabishana kama yule mume alistahili kusamehewa. Leo wengi wanapanda na vioo vyao mfukoni, na unaweza kufika Mbeya hujui jirani yako anaitwa nani wala anakwenda kuzika au kuoa.

Pengine utasema: na iwe hivyo, nalipa nauli nifike, sikulipa nauli nizungumze. Lakini fikiri dereva anapoanza kukimbiza gari kuliko kawaida. Anapita magari kwenye kona. Kila abiria ameona, kila mmoja moyo unamdunda, na kila mmoja anangoja mwingine aseme. Kusema peke yako mbele ya watu usiowajua ni kazi ngumu. Utaonekana mwoga au mjuaji. Hata hivyo, kama tangu Msamvu umekuwa ukizungumza na mama wa kushoto na kijana wa nyuma, utawatupia jicho tu, na wote mtasema: "Dereva, taratibu baba, tuna watoto nyumbani!"

Jambo hili nalo limepimwa, na limepimwa kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani, James Habyarimana na William Jack, walichukua matatu zaidi ya elfu moja, na katika baadhi yake wakabandika karatasi ndani, mbele ya macho ya abiria, zikiwahimiza wapaze sauti dereva akiendesha vibaya. Hawakuongeza askari wala kubadili barabara. Walibandika karatasi tu. Kisha wakahesabu madai ya bima ya ajali. Katika matatu zilizobandikwa, madai yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili yakilinganishwa na ambazo hazikubandikwa. Karatasi zile ziliwapa abiria kibali cha kusema. Ziliwaambia: unachokiona wewe, mwenzako anakiona pia.

Soga ya safarini inatoa kibali hichohicho, na haihitaji gundi. Watu waliokwisha kusalimiana wanajua tayari kwamba hawako peke yao ndani ya gari.

Sasa tumepata chombo kipya. Reli ya kwanza kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, enzi za Wajerumani. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya miji hiyo miwili, na kufikia mwezi uliofuata ilikuwa inakwenda mpaka Dodoma. Safari ya karibu kilometa 200, ambayo kwa basi na foleni za njiani ilikula nusu ya siku, sasa kwa treni inachukua chini ya saa mbili. Ni maendeleo, na hakuna sababu ya kuyalilia mashimo ya zamani. Ila (unaona neno lenyewe limekuja) ndani ya behewa hilo zuri ukimya umekuwa mkubwa. Viti ni safi, chaji ya simu ipo, na vichwa vyote vimeinama.

Wengi tunadhani ndivyo abiria wanavyopenda. Watafiti wawili wa Marekani, Nicholas Epley na Juliana Schroeder, waliwauliza abiria wa treni za Chicago swali hilohilo, na mwaka 2014 wakatangaza walichokiona. Abiria walipoulizwa wangependelea nini, walisema kukaa kimya kungekuwa na raha kuliko kuzungumza na mtu wasiyemjua. Lakini kundi lililoombwa kuzungumza na jirani wa kiti ndilo lililosema, mwisho wa safari, kwamba lilifurahia zaidi kuliko kundi lililoombwa kukaa peke yake. Kila mmoja alikuwa akidhani mwenziwe hataki kusumbuliwa. Ndivyo behewa zima linavyoweza kunyamaza bila kuwepo hata mtu mmoja anayetaka kunyamaza.

Sitaki nieleweke vibaya. Wapo wanaochanganya soga na umbea, na tofauti ipo. Soga hubeba habari zangu na zako. Umbea hubeba habari za yule asiyekuwepo, tena kwa nia ya kumshusha. Vilevile safarini tahadhari ni lazima. Tumeonywa mara nyingi kuhusu matapeli wanaoanza kwa salamu tamu, wakamalizia kwa juisi yenye dawa ya usingizi, na abiria akaamka kituo cha mwisho bila mzigo wala fedha. Zungumza na jirani, lakini kinywaji chako kiwe chako, na safari ya pochi yako usiisimulie. Na yupo pia mtu aliyechoka au aliyefiwa ambaye anahitaji kimya chake. Salamu mbili zitatosha kukuonyesha. Akijibu kwa ufupi mara zote mbili, mwache apumzike.

Wala sisemi kila mmoja atupe simu yake mtoni. Ninachopendekeza ni kidogo na hakina gharama. Nyumbani, wiki ina usiku saba. Teua mmoja ambao kioo kitakuwa kimoja na wote mkitazame pamoja, na kikizimwa msikimbilie vitandani. Muulize kijana wako yeye angefanya nini kama ndiye aliyekuwa mhusika yule. Usimhubirie, msikilize. Safarini, kabla hujaweka spika masikioni, msalimie wa kulia na wa kushoto. Baada ya hapo uko huru. Na popote ulipo, ukimuuliza mtu habari za nyumbani akakujibu "nzuri", usiondoke hapo hapo. Uliza la pili.

Kwa maana katika mji wetu na katika nyumba zetu wapo watu leo ambao wana "ila" kubwa vifuani mwao. Yupo mwanafunzi aliyeacha kwenda shule na bado hajasema. Yupo mke anayepigwa, na kila asubuhi jirani akimsalimia anajibu salama. Yupo mzee ambaye dawa zake zimekwisha na anaona haya kuomba. Wote hao jana waliulizwa hali, na wote walisema nzuri. Anayewasikia ni yule mwenye robo saa ya kupoteza.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.